Mfuko wa Kijani

Ubao wa Mama Wino, mwenye kiwanda cha kuchapa vijitabu, ulikuwa na sheria moja tu: kilichoandikwa pale ndicho kitakachochapwa. Ulitundikwa kati ya mashine ya kuchapia na meza ya kukunjia, ukagawanywa kwa mstari wa chaki. Upande mmoja sayansi, upande wa pili mapenzi. Shule zikifunguliwa, wanunuzi wanataka kujua kwa nini chuma kinashika kutu na moyo unasukumaje damu. Shule zikifungwa, wanataka kujua kama yule binti alimpata yule kijana.

Jumatatu asubuhi Sindano aliingia, akafunga kitambaa kichwani, akatupa jicho ubaoni kama kawaida yake. Upande wa mapenzi kulikuwa na mstari mpya: *Mume Aliyekwenda Kazini*.

Akavuta kigoda akakaa.

Sindano lilikuwa jina la pale kazini, kwa sababu ndiye aliyeshona migongo ya vijitabu. Shule aliishia darasa la saba. Yote aliyoyajua baada ya hapo aliyajua kwa kukunja: anakunja karatasi, jicho linasoma. Hakuwa mtu wa kuuliza maswali. Alikuwa mtu wa kutazama, na akisha kutazama anasubiri.

Na mume aliyekwenda kazini alimfahamu. Alikuwa mume wa Dada, shemeji aliyeishi naye nyumba moja. Alifukuzwa kazi, akaona haya kusema, na kwa miezi saba akawa anaamka, anavaa shati la kazini, anachukua mfuko wake na kutoka. Dada alijua tangu wiki ya pili. Hakusema. Kila asubuhi alimfungia chakula, akamwambia, "Kazi njema, baba." Mpaka siku mume alipotoka na mfuko wake na asirudi tena. Mtaa mzima uliambiwa kapata uhamisho. Ukweli waliujua wawili tu, Dada na Sindano, na Dada alimwapisha mkono juu ya mkono: "Likitoka hili, mdogo wangu, nitajua limetoka kwako. Na mimi na wewe itakuwa basi."

Sasa limetoka. Liko ubaoni kwa chaki nyeupe.

Nani mwingine kama si Machozi? Yeye ndiye aliyeandika vijitabu vya pande zote mbili za ubao, asubuhi mbu, mchana mapenzi. Ilisemwa kwamba siku moja alichanganya karatasi zake, binti kwenye hadithi akamwambia mchumba wake kwamba ana miguu sita na hunyonya damu. Kitabu kiliuzwa vizuri tu. Sindano alianza kumchunguza. Aligundua kwamba Machozi siku hizi anakunywa chai karibu na meza ya kukunjia, wakati kiti chake kiko kule dirishani. Aligundua ana daftari jipya lililofunikwa kwa gazeti, na kila Sindano anapopita analigeuza kifudifudi.

Jumanne akajileta mwenyewe.

"Sindano, mdogo wangu."

"Abee, kaka."

"Hivi shemeji yako yule, alikuwa akibeba mfuko wa rangi gani vile?"

Sindano hakuinua uso. Alivuta uzi, akaukata kwa meno. "Shemeji yangu yupi?"

"Kwani unao wangapi? Yule aliyehama."

"Umeanza lini kupenda mifuko ya wanaume?"

"Aa, nimeuliza tu. Mbona mkali hivyo, unataka kunishona na mimi?"

Mfuko ule ulikuwa wa kahawia. Mkono wake ulikatika, na Sindano mwenyewe ndiye aliyeushona, kwa uzi huuhuu wa vitabu. Akamtazama Machozi usoni.

"Wa kijani," alisema.

Machozi akatoa penseli sikioni, akafungua lile daftari, akaandika. Hakuona hata aibu.

Basi, Sindano alijiambia. Nimemshika.

Lakini kumshika mtu ni jambo moja, kumzuia ni lingine. Amwambie Mama Wino? Itabidi aeleze ni siri ya nani. Amwambie Dada? Dada hatasikiliza, atakumbuka kiapo tu. Ikabaki njia moja, na njia hiyo iliwezekana kwa sababu Mama Wino na Machozi walikuwa wamenuniana. Waligombana wiki iliyopita juu ya mwisho wa hadithi, mmoja akitaka wapenzi waoane, mwingine akitaka bibi harusi afe. Tangu hapo hawakuzungumza. Waliachiana ujumbe kwa chaki.

Jumatano Mama Wino alitoka kupokea karatasi, Machozi akaenda bombani kuosha kikombe. Sindano akachukua tambara la mashine, akafuta mstari ule, na upande wa sayansi akaandika kwa herufi za kuchapa, mwandiko usijulikane: *Maisha ya Mbu*.

Machozi aliporudi alisimama mbele ya ubao muda mrefu. "Ameamua," alisema peke yake. "Haya. Ubao wake." Akatia daftari kwapani akatoka. Mama Wino naye aliingia, akavaa miwani, akasonya. "Mtu amebembeleza hadithi ichapwe, leo ndiye anayeifuta. Mbu! Kiburi tu hicho."

Sindano alikunja karatasi zake.

Jioni alimkuta Dada sebuleni, bado amevaa sare ya zahanati alikokuwa akiandikisha wagonjwa. Hakuwa amewasha jiko. Macho yalikuwa mekundu. Mapajani kwake kulikuwa na daftari lililofunikwa kwa gazeti.

Sindano alilitazama daftari. Akalitazama tena.

"Dada, hilo umelipata wapi?"

"Nimelipata wapi? Langu." Dada alilifungua kwa hasira, akaligeuza amwoneshe. "Miezi mitano naandika. Nikampelekea Machozi, akasema, hii inachapwa, dada, hii naipigania. Nikamwambia mdogo wangu asijue mpaka kitabu kimfikie mezani kwake. Leo kanirudishia, eti Mama Wino kaifuta, anataka mbu. Mbu, Sindano!"

Sindano alifungua kitambaa kichwani, akakaa.

"Na ona alivyoniharibia. Nilijikanyaga, ukurasa mmoja nikaandika mfuko wa kahawia, mwingine mweusi. Nikamwambia atengeneze. Sasa ona." Kidole chake kilikuwa juu ya maandishi ya penseli. "Kijani! Nani kamwambia yule mtu mfuko ulikuwa wa kijani?"

Chumba kikawa kidogo. Dada akainua uso taratibu, akamkazia macho.

"Sindano."

"Nilidhani amekuibia," Sindano alisema. "Nilidhani utasema ni mimi." Kisha akamaliza lote, kwa sababu nusu ingekuwa mbaya zaidi. "Na ubao nimefuta mimi."

Dada hakupiga kelele. Ingekuwa nafuu.

"Wewe ulitaka lifichwe," Sindano alisema. "Uliniapisha."

"Niliona haya wakati ule. Haya imeniisha, nikaanza kuandika." Dada alifunga daftari. "Ungeniuliza tu. Umo humu, unajua? Mdogo mtu anayeona kila kitu ndani ya nyumba na haulizi hata kimoja. Na hayo niliyaandika kwa mapenzi."

Asubuhi Sindano alifika kabla ya mashine kuwashwa. Mama Wino na Machozi walikuwepo, kila mmoja amempa mwenzake mgongo. Alisimama mbele yao, akafuta mbu, akaandika *Mume Aliyekwenda Kazini* mahali pake, kwa herufi zake kubwa za shule ya msingi.

"Jana nilifuta mimi," alisema. "Mwenye hadithi ni dada yangu. Nilidhani imeibwa."

Mama Wino akageuka kumtazama Machozi. Machozi akageuka kumtazama Mama Wino. Ilikuwa mara ya kwanza kwa siku tisa.

"Kumbe si wewe?" Mama Wino aliuliza.

"Mimi nifute hadithi niliyoipigania? Nilidhani wewe!"

"Mimi na mbu wapi na wapi!"

Walipomaliza kushangaana, Mama Wino alimnyooshea Sindano kidole. "Ubao huu ukiugusa tena bila kuuliza, utashona vitabu nyumbani kwenu. Lete daftari."

Sindano alilitoa; Dada alimkabidhi alfajiri. Machozi akalipokea, akatafuta ukurasa, akaipata ile kijani yake, akatoa penseli sikioni.

"Haya. Mfuko wa rangi gani?"

"Kahawia."

Penseli ilisimama juu ya karatasi. Machozi alimtazama Sindano, akairudisha sikioni na kufunga daftari.

"Hili," alisema, "nitakwenda kumuuliza dada yako mwenyewe."