Matawi ya Onyo Niliyoyauza

Jana usiku nimeota, lakini ndoto yenyewe ilianzia mchana, kwenye foleni ya mashine ya kusaga. Redempta, jirani yangu, alikuwa nyuma yangu na debe lake la mahindi. Akasema, bila kumtazama mtu, "Eti mti ukikatwa ukakataa kuanguka, unamsubiri mtu wa nyumba ya aliyeukata."

"Nani kasema?" nikamuuliza.

"Watu tu, mama Zaveria. Mimi nimesikia."

"Na wewe kila unachosikia lazima ukitoe?"

"Nikikaa nacho kinaniuma tumbo," akasema, na foleni nzima ikacheka. Mimi pia nilicheka, halafu nikarudi nyumbani na ndoo tupu. Unga wangu niliusahau mashineni.

Niliogopa kwa sababu mti wa namna hiyo ninao. Tangu mume wangu Gervas afariki, mimi ndiye ninayeendesha kazi yake ya kukata miti na kuuza kuni hapa kwetu Njombe. Siku kumi na mbili zilizopita tuliangusha mlingoti, yaani mkaratusi, katika shamba la bondeni, shamba lilelile ambako Gervas aliangukiwa na mti miaka mitatu iliyopita. Ulipokatika haukufika chini. Uliegemea mti wa mwati uliokuwa pembeni, ukakwama hapo. Mgaya, fundi wangu wa msumeno, akasema, "Petroli imetuishia, mama. Tuuache, upepo utaushusha."

Nikakubali. Tukakata matawi mabichi tukayalaza njiani, kama watu wanavyofanya gari likiharibika barabarani, ili anayepita ajue mbele kuna hatari.

Jumapili nilipita pale. Upepo ulikuwa haujashusha kitu, ila matawi yalikuwa yamekauka vizuri sana. Kuna mama alikuwa ananisubiri nyumbani na nilikuwa nimepungukiwa mzigo mmoja. Nikayafunga kamba, nikamuuzia. Nilisema kesho nitaweka mengine. Sikuweka.

Basi katika ndoto nimeinama jikoni kwangu, nawasha moto. Kuni zinashika haraka. Moto unasema, "Usipite."

"Sipiti," nasema. "Napika uji."

"Uji hatuujui. Tulilazwa njiani tuseme usipite, tunasema usipite."

"Ninyi si niliwauza?"

"Ulituuza. Tumerudi, kazi yetu hatujaimaliza."

Nataka kutoka kuchota maji, lakini moshi umekaa mlangoni, umekunja mikono. Hauna haraka. Naona aibu kubishana na kuni zangu mwenyewe, kwa hiyo nakaa. Uji unachemka, na kila povu likipasuka linasema usipite kwa sauti ndogo, kama watoto wa darasa la kwanza wanaosoma ubao kwa pamoja.

Sijanyanyuka, tayari niko ofisini. Nyuma ya meza umekaa ule mlingoti, umeegemea mwati. Una umri mkubwa kuliko mimi, basi nauamkia.

"Shikamoo."

"Marahaba. Kaa, ila si hapo. Hapo naangukia."

Nahamia kiti cha pili.

"Na hapo pia."

Nakaa sakafuni.

"Siku kumi na mbili nimeegemea mgongo wa mwenzangu," unasema mlingoti.

"Na mimi mgongo ninao mmoja," unasema mwati.

"Nisameheni. Petroli ilituishia."

"Hilo umeshalisema. Kazini kwako sheria ni ipi?"

"Chenye alama nyekundu kinakatwa. Kisicho na alama hakiguswi."

"Basi mimi nitaangukia chenye alama," unasema, na unagonga muhuri mezani.

Alama yetu ni udongo mwekundu uliochanganywa na oili chafu. Haukauki upesi na mvua haiufuti. Tunaandika herufi G, ya Gervas. Alikuwa akiiandika yeye, na mimi sikuwa na moyo wa kuibadilisha. Sasa kopo la alama liko mkononi mwangu, na brashi inatembea yenyewe. Inaandika G kwenye kiti. Inaandika G kwenye kuku, na kuku anatulia kabisa, kama amezoea. Naifuata nyuma nikifuta kwa kanga. Nikifuta, alama inahamia kwenye kanga, na kanga nimeivaa mimi.

Brashi inafika kwenye kamba ya nguo. Limeanikwa sweta la shule la binti yangu Zaveria, ambaye ana miaka kumi na mmoja.

"Hilo si mti," naiambia brashi.

"Lina kimo," inajibu, na inaandika.

Nageuka nitafute maji ya kufulia, nakuta niko kwenye uwanja wangu wa kuni. Zimepangwa vizuri kuliko ninavyopanga mimi. Katikati ya kuni, kati ya gogo na gogo, amepangwa mume wangu. Miguu yake imelingana na ncha za magogo.

"Kamwene, mama Zaveria."

"Kamwene. Umepungua."

"Nimekauka," anasema Gervas. "Miaka mitatu si kidogo. Sasa hata wewe unaweza kuninyanyua."

Najaribu. Namtoa taratibu ili kuni za juu zisiporomoke, nasokota kanga kuwa kata, nambeba kichwani. Ni kweli. Ana uzito wa kuni za kupikia siku moja. Tunakwenda hivyo, mimi chini na yeye juu, na machozi yananitoka kwa sababu mtu huyu alibebwa na wanaume sita.

"Usilie," ananiambia kutoka kichwani. "Wateja watasikia."

Maneno hayo ni yangu. Nilimwambia Zaveria wiki ile ya matanga, na nikaendelea kumwambia. Watu huja kununua kuni tangu alfajiri, na nyumba inayolia wanaikwepa. Nilimwambia, mwanangu, hapa nyumbani hakuna kulia. Na yeye ni mtoto msikivu.

"Zaveria analilia wapi siku hizi?" anauliza Gervas.

"Halii. Ameshazoea."

"Analilia kwangu. Kila akitoka shule. Anakaa kwenye kisiki cha mti ulioniangukia, ananipa habari za darasani. Hesabu za mafungu zinamsumbua."

"Hajaniambia."

"Hakuambii kitu, wateja watasikia. Matawi yalipokuwepo alisimama mbali, akanipungia mkono. Siku tano alinipungia mkono. Jumatatu akakuta njia nyeupe. Akajua mama amemaliza kazi, akaingia."

"Anakaa sehemu gani?"

"Kwenye kisiki nimekwambia. Kuna mlingoti umeinama juu yake, anauegemea. Anasema mgongo unapumzika."

Natua mzigo. Natua vibaya, na Gervas anasema aa, kama alivyokuwa akisema nikimkanyaga kitandani. Nakimbia. Njia ya bondeni ni ileile, lakini moshi umekaa katikati.

"Usipite," unasema.

"Mwanangu yuko huko."

"Tunajua. Tungemwambia. Hatukuwepo."

"Nipisheni basi."

"Wewe ndiye uliyetulaza tuseme hivi. Tukikupisha wewe, tutamwambia nani?"

Na nyuma ya moshi nausikia mti unaanza kulia, ule mlio ambao kila mtu wa kazi hii anaujua, nyuzi zinakatika moja moja kabla hazijakatika zote. Nikaita jina la mwanangu, likatoka jina la baba yake.

Nikaamka. Kulikuwa kumekucha. Zaveria alikuwa amekaa kizingitini akifunga kamba za viatu, amenipa mgongo. Kwenye sweta lake la shule, kati ya mabega, palikuwa na alama nyekundu ya udongo na oili. Ilikuwa herufi G, imegeuka, kama inavyogeuka ikiwa mtu ameiegemea.

"Hii umeipata wapi?" nikamuuliza.

Akakaza fundo la kamba.

"Kwa baba," akasema.

Nilimshika mkono nikampeleka mwenyewe mpaka lango la shule. Halafu nilimwita Mgaya, tukaenda bondeni na kamba ndefu. Aliuvuta mti tukiwa mbali kabisa. Ulijizungusha, ukaangukia kisiki cha Gervas, ukakipasua katikati.

Mgaya alivua kofia. "Mama, hapa angekuwepo mtu..."

"Najua, Mgaya. Nyamaza tu."

Jioni Zaveria aliporudi nilimweleza kuwa kisiki hakipo tena. Akaniuliza sasa atakuwa anakwenda wapi. Nikamwambia akae hapa jikoni, na mimi nikakaa. Alilia mpaka giza likaingia. Mteja mmoja alikuja, akasimama uani, akaondoka.

Nawaandikia wenzangu mnaouza kuni na kukata miti. Shule niliishia darasa la saba, kwa hiyo nayaweka kama yalivyo. Epukeni haya:

Kuacha mti uliokwama mkisema upepo utaushusha.

Kupita chini yake, hata kwa kuokota kijiti kimoja.

Kukata mti ulioegemewa mkidhani ule wa juu utashuka taratibu.

Kwenda porini na petroli ya kukisia.

Kuondoa matawi ya onyo kabla hatari haijaondoka, hata kama yamekauka na mteja amesimama.

Kuwaficha majirani kwamba mti umekwama, kwa kuona aibu.

Kumkataza mtoto kulia nyumbani. Atatafuta pa kulilia, na wewe hutapajua.