Ubavu wa Kulia

Mama Pasi alimaliza kula, akaenda kujinyoosha kidogo, na alipogeukia ubavu wa kulia nyumba nayo ikageuka. Kabati la vyombo lilitangulia, likafuatwa na kochi pamoja na mumewe aliyekuwa amelilalia. Mzee aliinua miguu kuipisha ndoo. Kisha sakafu ikarudi sawa, kila mtu akaokota chake.

"Mama kageuka tena," alisema mke wa kifunguamimba kutoka jikoni, akikusanya vitunguu.

Hali hii ilianza siku Mama Pasi, anayefua na kupiga pasi nguo za mtaa mzima, alipoinua uso kuanua shati kambani. Daktari wa masikio alimweleza kwamba ndani ya sikio kuna vijiwe, vidogo kuliko chumvi, na vyake vya kulia vimehama mahali pavyo vikaingia kwenye mfereji usiovihusu, kama mgeni aliyetafuta choo akatokea chumbani kwa watu. Kila akigeuza kichwa, sikio linaapa kwamba dunia imezunguka. Kwa wagonjwa wengine dunia hunyamaza. Kwake inaitikia. Kitanda cha daktari kilikuwa kimefungwa sakafuni kwa nati, maana Mama Pasi hakuwa wa kwanza.

Kizunguzungu hiki hakiui, daktari alisema, na dawa yake ni mikono tu. Akae kitandani, ageuze uso upande mbovu, alazwe chali kichwa kikining'inia kidogo, asubiri kizunguzungu kitulie. Uso ugeuzwe upande wa pili, asubiri tena. Alalie ubavu huo akitazama chini, kisha ainuke polepole. Vijiwe hurudi kwao. Ila lazima mtu amshike kichwa.

"Nyumbani kuna mtu?"

Mama Pasi alicheka. "Daktari, kwangu ukipiga chafya unapewa pole mpaka unachoka kuitikia."

Watu wake hawakumtupa. Kifunguamimba, ambaye ni seremala, aliligongomea kabati ukutani. Mzee alilifunga kochi kwa kamba kwenye nondo za dirisha. Jirani alileta mikeka ya mpira pamoja na habari za mtaa, akakaa mpaka jioni. Kuhusu kichwa, Mzee alisema mikono yake inatetemeka, mke wa kifunguamimba alisema si adabu kumshika mkwe kichwa, na kitindamimba alisema atafanya akimaliza anachofanya. Wakamwekea Mama Pasi kiti chumbani, awe analala ameketi. Akawa anapiga pasi mchana kutwa, shingo imekakamaa kama kola yenye wanga, macho yamemvimba. Hakutaka kitu kingine ila kulala kama watu wanavyolala.

Jumapili moja, wote wakiwapo, alikiacha kiti, akapanda kitandani, akageukia kulia kwa makusudi.

Samani sasa zilikuwa zimefungwa, kwa hiyo walikuja watu peke yao. Mzee aliteleza na redio yake. Kifunguamimba na mkewe walifuatana, mke kashika mwiko. Kitindamimba hakuinua macho kwenye simu. Jirani aliingia wa mwisho na kikombe cha chai, hakumwaga hata tone, wala hakukatiza kisa cha bibi harusi alichokuwa akisimulia. Wakarundikana kando ya kitanda. Siku nyingi hawakuwa wamekutana chumba kimoja.

"Mmoja wenu anishike kichwa," alisema Mama Pasi, macho kayafumba.

"Nakuja, mama," alisema kifunguamimba, naye alikuwa pale pale, goti lake limegusa mto.

Sakafu ikarudi sawa. Wakajikung'uta, wakatoka wakipishana mlangoni. Jirani alimalizia kisa chake sebuleni. Kumbe yule bibi harusi alikuwa na mume tayari. Mama Pasi aliinuka polepole, kama alivyofundishwa, akarudi kitini.

Kesho yake kifunguamimba alipigilia vishikio vya mbao ukutani, kila mtu na chake, kwa kimo chake, vimepigwa msasa. Kazi safi, majirani walikuja kuitazama. Siku hizi Mama Pasi akisinzia kitini na kichwa kikamwangukia kulia, nyumba hulala upande, watu hushika vishikio vyao, na hakuna anayefika chumbani kwake.