Kompyuta ya Kukabidhiwa

Modest alipomletea shemeji yake Gaudensia kompyuta kutoka Babati, alitangaza mbele ya ukoo mzima kwamba amempa. Akapigiwa makofi, akanywa supu, akaondoka na neno la siri kichwani mwake.

Tangu hapo, kila Gaudensia alipotaka kuweka programu ya kuandikia noti za kwaya, kompyuta ilimjibu: muulize msimamizi. Msimamizi ndiye huyo huyo Modest. Akampigia simu.

"Shikamoo shemeji."

"Marahaba. Wewe andika tu barua zako. Ukigusa hayo mengine utaiharibu."

Pale kijijini Nambis hata mtoto anamjua ng'ombe wa kukabidhiwa: maziwa unakamua, samadi unazoa, lakini humuuzi wala humpi jina, maana mwenyewe yupo. Gaudensia alikasirika mpaka akaunguza maharage. Alitaka kompyuta iwe yake, aijue hadi utumbo.

Basi akawa anasoma kwenye simu kila akichunga mbuzi. Nyimbo zake akazihamishia kwenye flashi, na kwenye flashi nyingine akaweka mfumo mpya wa kuiendesha kompyuta, ule wa bure. Jumamosi mchana akaichomeka. Mama mkwe wake, Kornelia, akavuta kigoda atazame.

Kioo kikauliza: kila kitu kitafutwa, uendelee?

"Mama, ikifa je?"

"Ikifa tutaizika," akasema Kornelia. "Bonyeza."

Akabonyeza. Mstari ukatambaa, ukasimama, na moyo wa Gaudensia nao karibu usimame. Ukatambaa tena. Kisha likaja swali: kompyuta hii iitwe nani?

Gaudensia akacheka hadi akashika mbavu. Akaandika Madoa, jina la ng'ombe, akaweka neno la siri analolijua peke yake, akarukaruka sebuleni kanga ikimdondoka. Alikuwa na furaha ya kichaa. Kornelia akapiga vigelegele kama aliyepata mjukuu.

Pasaka Modest akaja, akaifungua, akataka kuirudisha ilivyokuwa. Ikamdai neno la siri la msimamizi. Gaudensia, akisonga ugali jikoni, alisikia yote.

"Mama, kompyuta yangu imeharibika," Modest akamlalamikia mama yake.

"Yako ipi?" akauliza Kornelia. "Si ulimpa? Msimamizi yuko jikoni. Kabishe hodi."

Kisha Modest, mtu mzima na ndevu zake, akabisha hodi mlangoni mwa jiko. Gaudensia aliisikia vizuri sana, ila akangoja ya pili.