Hapo pa Sahihi ya Mzazi

Bernadeta alipofika kwangu Igoma, Mwanza, Jumanne ile, nilikuwa nimelitundika koti lake mlangoni pa kibanda changu cha ushonaji ili wateja walione. Koti zito, lenye bitana, nimeliunga kutoka makoti mawili ya mitumba. Kila aliyeleta suruali ipunguzwe nilimwambia, hata asipouliza, kwamba binti wa mdogo wangu Venant anakwenda kusoma Uingereza. Sifichi. Nilijivuna, tena nilijivuna vizuri.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Mbona bila taarifa? Nansio wamekufukuza?"

Alicheka kidogo, akaketi kwenye stuli, akatoa bahasha mbili. Ile ya Uingereza niliijua, maana Venant alikuwa ameizungusha kisiwa kizima cha Ukerewe. Tangu viwanda vya minofu vianze kuwagombania sangara, mdogo wangu alikuwa amepata mitumbwi mitatu ya mashine na sauti mpya ya kuongelea. Bahasha ya pili ilikuwa ya serikali. Bernadeta amechaguliwa Chuo Kikuu, Dar es Salaam, uhandisi, ada yote juu ya serikali. Sisi tuhangaikie nauli na madaftari. Ila fomu ipelekwe Ijumaa ikiwa na sahihi ya mzazi au mlezi, la sivyo nafasi anapewa mwingine.

"Baba hataki kusaini," alisema.

"Na wewe unataka nini?"

Alikunja bahasha, akaikunjua. "Nilitaka Uingereza, shangazi. Bado naitaka. Lakini baba amepata mnunuzi wa mitumbwi, yote mitatu. Hapo tunalipa mwaka mmoja tu, na masomo ni miaka mitatu. Nimemwuliza mwaka wa pili tutalipa na nini, anasema Mungu si Athumani."

"Na wadogo zako wanaosoma?"

"Ndiyo hivyo."

Nilijua kilichomkaza Venant shingo. Mwezi uliopita alifanya sherehe ya kumuaga mtoto. Watu walikula, wakaleta vitenge na kuku, mzee mmoja akatoa mbuzi, padri akabariki safari. Sasa kwetu mtu akishaagwa kwenda mbali, kumwona anashukia karibu ni aibu ya ukoo mzima. Hilo ndilo kosa la mdogo wangu: alimuaga mtoto kabla hajajua kama safari ipo.

"Si unasema shangazi ndiye baba wa pili?" Bernadeta aliniambia. "Saini wewe."

Ningeweza kusaini palepale. Nikakataa, maana sitaki kumzunguka mtu kwa mtoto wake. Nilituma ujumbe kwa meli, na Alhamisi Venant akaingia kibandani, viatu vimepigwa rangi.

"Koti limependeza," alisema.

"Limependeza. Kaa unywe chai."

Alikunywa nusu kikombe, akaanza. "Dada, hiyo ya Dar ni ya bure. Cha bure kina heshima gani? Watu watasema Venant ameshindwa."

Mimi ni mtu wa hasira, lakini siku hiyo hasira ilikuja polepole. "Wewe ulisomeshwa na nini?"

"Si baba alilipa ada?"

"Alilipa na ng'ombe sita. Walikuwa ng'ombe wa nani?"

Alijua. Mimi nilitolewa shule darasa la nne nimsaidie mama. Nilipoolewa, ng'ombe wa mahari yangu waliuzwa mmoja mmoja, kila shule ilipofunguliwa, mpaka Venant akamaliza.

"Kwako wewe ilikuwa bure," nikamwambia. "Heshima ilipungua wapi?"

Miaka thelathini sikuwahi kulisema neno hilo, na nilikusudia kuzikwa nalo. Lilipotoka niliona aibu, kisha nikaona nafuu. Venant aliinamia kikombe chake. Bernadeta alikuwa amesimama karibu na cherehani, hakutikisika.

"Watu nitawaambia nini?" Venant aliuliza, safari hii kwa sauti yake ya zamani.

"Nitawaambia mimi, baba," Bernadeta akasema. "Nitapita nyumba kwa nyumba, niwashukuru, niwaeleze nakwenda Dar. Anayetaka kucheka anicheke mimi."

"Na mwenye mbuzi?"

"Nitaanza na huyo."

Venant alicheka, akajifuta macho kwa kiganja. Akaiweka fomu juu ya meza ya kukatia, akafungua kalamu, akapatafuta pale pa sahihi. Kisha akanisogezea fomu pamoja na kalamu.

"Saini wewe, dada."

"Mzazi ni wewe."

"Wamesema mzazi au mlezi. Aliyenisomesha mimi ndiye asaini."

Niliichukua kalamu. Kazini naandika namba: kifua, kiuno, urefu. Namba zinanitii, lakini herufi huwa tunasumbuana. Nilifuta mikono kwenye kanga, nikainama, nikaandika Odeta, herufi moja baada ya nyingine, mstari ukawa unapanda kilima. Nilichukua muda mrefu. Hakuna aliyeniharakisha.

Tangu darasa la nne, hiyo ndiyo karatasi ya kwanza ya shule yenye jina langu.