Laiki Mia Tisa, Maswali Arobaini na Moja

Alhamisi asubuhi Dakta Masoud, mkuu wa idara yetu, alinisimamisha mlangoni mwa darasa.

"Mwalimu Hasina, hili somo lako la mawasiliano ya mitandaoni mimi bado silioni. Vijana wanaijua simu kuliko sisi. Jumamosi kuna uchangiaji damu hapa chuoni, na matangazo yote mmepewa nyinyi. Wakichangia watu thelathini, somo linabaki. Wasipofika, kipindi hicho nawapa walimu wa takwimu."

"Watafika, Dakta," nikamjibu.

Nilikuwa na muhula mmoja tu kazini, na shahada niliyoisomea madarasa ya jioni, mwaka wa mwisho tumbo likigusa meza. Somo hilo nililibuni mwenyewe. Sikuwa na nia ya kuliachia.

Ndani, Kristofa, kijana wa Amani kule milimani, anayejua kuchora, alinionyesha bango lake: tone la damu lenye mabawa. "Laiki mia tisa na kumi na mbili, Mwalimu! Tumeshamaliza kazi."

"Waliosema watakuja ni wangapi?"

Akajikuna shingo. Semeni, mzaliwa wa mtaa wa Usagara hapa Tanga, hakumngoja. "Laiki hazina mishipa, kaka. Sindano utaichoma wapi?"

Darasa likacheka. Nikawaambia wafungue komenti. Tangu Jumatatu yalikuwa yameingia maswali arobaini na moja. Nina presha, naruhusiwa? Ninayenyonyesha je? Tunaingilia lango lipi? La kwanza kabisa lilikuwa la Bi Zuleha: "Asalaam alaikum. Kina mama wamewekewa pazia?" Chini yake wanawake sita walikuwa wameandika kuwa nao wanangoja jibu. Hakuna lililojibiwa hata moja. Jumatano mmoja wao aliandika: "Naona wenyewe hawapo. Haya."

"Kristofa, kwenu mtu akipiga hodi siku tatu mnamfanyaje?"

"Huko milimani wanamwachia mwangwi umjibu," akadakia Semeni.

"Afadhali mwangwi," Kristofa akasema polepole. "Sisi hata huo hatuna."

Nikaanza, "Kusalimu ni sunna..." na darasa zima, Waislamu na Wakristo, wakamalizia, "kuitikia ni wajibu!"

"Basi leo hatutengenezi bango jingine. Tunaitikia. Kila mmoja achukue maswali matatu, ajibu kwa jina lake. La kitabibu usibahatishe, mpigie Sista Beatrisi wa kitengo cha damu."

Kristofa alichukua la Bi Zuleha, akaanza kuandika kwamba pazia lipo.

"Lipo?" nikamuuliza.

Akaacha kuandika. Halikuwapo. Hakuna aliyekuwa amelifikiria. Semeni akampigia shangazi yake anayekodisha mapambo ya harusi, na baada ya dakika kumi za kubembelezana, tukawa na mapazia mawili ya kijani. Sista Beatrisi naye akaahidi wahudumu wanawake.

"Ndugu mdau," Kristofa akaandika, "tunapenda kukujulisha..."

"Umekuwa kampuni ya simu?" Semeni akamkata. "Huyo mama yako, zungumza naye!"

Akafuta, akaandika upya: "Waalaikum salaam, mama. Utuwie radhi kwa kukuacha mlangoni siku tatu. Pazia lipo, na nyuma yake wahudumu ni wanawake. Mimi Kristofa, nitakuwa lango la nyuma kuwapokea."

Jibu lilikuja papo hapo: "Wa wapi wewe?"

"Mwalimu, hilo si katika mada."

"Hilo ndilo mada. Mjibu."

Akamweleza: Amani, kwa sasa amepanga Usagara. Bi Zuleha akarudisha neno moja: "Tutaangalia."

Kristofa akanywea. Semeni akampigapiga begani. "Mtanga akikwambia tutaangalia, ujue ameshatafuta viatu."

Jumamosi saa nne tulikuwa na wachangiaji tisa. Dakta Masoud alipita, akahesabu kwa macho, akaenda zake. Kristofa alikuwa langoni, simu mkononi, bado anajibu watu.

Saa nne na nusu akaingia mama mnene mwenye baibui, na wenzake watano. "Kristofa wa Amani ndiye nani?"

"Ni mimi, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Hilo pazia nilione."

Akalishika, akalivuta, akachungulia nyuma yake. Kisha akatoa simu, akaisogeza mdomoni, akawarekodia wenzake ujumbe: "Kina mama, lipo kweli. Na kijana ana adabu. Njooni."

Wakaja. Walikuja na waume, na wifi, na majirani. Wengine Sista Beatrisi aliwarudisha kwa kuwa wananyonyesha, nao wakakaa kuwangoja wenzao. Saa saba, waliochangia walikuwa thelathini na wanne.

Dakta Masoud alikuja akiwa amebana pamba kiwikoni. Wa thelathini na tano.

"Muhula ujao unahitaji nini?" akaniuliza.

"Chumba chenye soketi za kutosha, Dakta. Na saa moja zaidi kwa wiki."

"Niandikie barua."

Nikafungua mkoba, nikaitoa chini ya nepi za mwanangu. Niliiandika jana yake.