Ruhusa ya Familia

Mkaguzi alikuwa mtu wa kusamehe mengi. Mwaka wa sita huu alikuwa akijitolea kukagua mandhari za tovuti kwa ajili ya saraka ya bure, yaani orodha ya mtandaoni, zile sura ambazo mtu huzipakua na kuivisha tovuti yake, na vituko alishaviona vya kila rangi. Sheria zenyewe hazimtoi mtu jasho. Kila kilichomo kwenye kifurushi, iwe msimbo unaoiendesha tovuti, fonti au picha, kiwe na leseni huria, yaani yeyote aruhusiwe kukichukua, kukibadilisha, hata kukiuza, ila jina la aliyekitengeneza lisifutwe. Basi. Lakini binadamu hana haya: hata cha bure anakiiba.

Jumanne hiyo alifungua kifurushi kipya, akamwona binti yake.

Alikuwa palepale ukurasa wa mbele, ana miaka mitatu, amekalia beseni lililopinduliwa, shati la baba limemfika miguuni, uso mzima unga. Picha hiyo aliipiga marehemu mumewe. Msimbo nao ulikuwa wa mumewe. Mkaguzi aliujua kwa ile tabia yake ya kuacha mistari miwili mitupu kila baada ya sehemu. Ila jina lake lilikuwa limefutwa kwenye kila faili, na mahali pake limekaa jina la shemeji, mdogo wa marehemu, yule aliyeondoka na kompyuta baada ya mazishi akidai anakwenda kuitunza. Kwenye orodha ya leseni aliandika: "Picha: ya mtandaoni. Matumizi: huru kwa wote."

Huru kwa wote! Muuza dawa za minyoo ambandike mtoto kwenye chupa, na mhuni yeyote amfanye atakavyo. Picha ikishapakuliwa, nani atakwenda kuikusanya? Kweli kikulacho ki nguoni mwako.

Alimpigia. Shemeji akacheka, akasema si marehemu mwenyewe ndiye aliyekuwa akihubiri vitu vya bure, na kuna kampuni itamwajiri akiwa tu na kazi kwenye saraka. Mkaguzi akamweleza polepole: msimbo achukue, ni halali yake kama ya mtu mwingine, ila amrudishe kaka yake jina na amwondoe mtoto. Shemeji akasema haya, yaishe.

Kesho yake kifurushi kikarudi. Mtoto yupo, jina halipo. Kilichobadilika ni mstari mmoja: "Ruhusa: imetolewa na familia."

"Familia ipi?" alimuuliza kwenye simu.

"Yetu. Wewe uliolewa tu, shemeji. Mtoto ni damu yetu."

Hapo mkaguzi akajikuta njia panda. Sheria inamtaka mkaguzi mwenye undugu na mleta kazi akae kando, na akikaa kando kimya, mwenzake ataona ruhusa ya familia na kupitisha. Mama mkwe naye alishapiga simu kusihi kwamba ya ndani yabaki ndani. Yabaki ndani, na mtoto atolewe nje! Mkaguzi akaandika kwenye ukurasa wa wazi, unaosomwa na kila mtu, kwamba yeye ni mama wa mtoto na mjane wa aliyeandika msimbo, hakutoa ruhusa yoyote, na anajitoa. Kifurushi kikakataliwa siku hiyohiyo.

Wiki haikuisha, kikaja cha tatu. Jina la marehemu limerudi, kila faili, limeandikwa sawasawa. Mkaguzi alitaka kulainika. Kisha akafungua ukurasa wa mbele.

Palikuwa na mtoto mwingine. Wa kiume, miaka miwili, macho ya usingizi, ameketi kwenye ngazi za uani kwa shemeji. Ni mtoto wa mpangaji wake, mkaguzi alishambeba mgongoni. Chini yake: "Ruhusa: imetolewa na mlezi."

Shemeji alipokea simu kwa sauti ya mtu anayengoja pongezi.

"Huyu si wa ukoo," alisema. "Na mama yake hana hata simu ya intaneti. Nani atalalamika?"

Mkaguzi alikata simu. Akaibeba kompyuta kama ilivyo, imefunguka, akavaa viatu, akaenda kumgongea mlango mama wa mtoto.