Godelive wa Etobicoke

Évariste alimdanganya mama yake miaka kumi na mmoja. Alimwambia kwamba mjukuu wake aliyezaliwa Etobicoke, mtaa wa Toronto, anaitwa Godelive kama yeye, kumbe alimwandikisha Mélissa ili asichekwe shuleni.

Jina la Godelive mama alilirithi kwa mtawa wa Kibelgiji aliyempokea alipozaliwa kule Bukavu. Évariste alipokuwa mdogo, kila akiumwa koo, mama alimpaka mawese shingoni kwa mkono unaonukia moshi. "Mtakatifu Godelive ndiye daktari wa makoo," alimwambia. "Tulia, papa, mwanangu." Na kweli alitulia.

Kila Jumapili mama alipopiga simu, Évariste aliipokea mwenyewe. Jumapili moja ilimkuta bafuni, mtoto akaiwahi.

"Wajina wangu! Godelive!" bibi akashangilia.

"Hapana, Koko," mtoto akamjibu bibi yake kwa Kiswahili cha kuokoteza. "Godelive ni wewe. Mimi Mélissa."

"Mélissa ni mtakatifu wa nini?"

Mtoto akacheka. Bibi akakata simu.

Zimepita Jumapili ishirini na sita. Évariste amepiga zote. Mama amepokea simu mbili tu, na zote mbili hazikufika dakika moja.